Kufundisha Uwajibikaji Darasani: Mfano wa Bandari ya Tanga

Utangulizi

Miongoni mwa mada zinazowatia wanachuo wasiwasi wanapokwenda katika mazoezi ya kufundisha, mada ya uwajibikaji wa vyombo vya umma iko mstari wa mbele. Mada hii imo katika muhtasari, iwe somo linaitwa Siasa kama ilivyokuwa zamani, Uraia kama lilivyokuja kuitwa baadaye, au Maadili kama wasemavyo leo. Tuendapo kukagua mazoezi hayo, mara nyingi tunakuta somo limeendeshwa kwa moja kati ya njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya kukaririsha. Mwalimu huandika ubaoni kwamba uwajibikaji ni hali ya kiongozi kuwajibika kwa wananchi. Wanafunzi hunakili, kengele hulia, na neno limeelezwa kwa neno lile lile. Njia ya pili ni ya masimulizi ya vijiweni. Mwalimu hutaja fulani aliyekula fedha za umma na fulani aliyefukuzwa kazi. Darasa huchangamka, lakini watoto hurudi nyumbani wakiamini kwamba wakubwa wote ni wezi na kwamba hakuna la kufanya. Njia hizi mbili zina kasoro moja: mtoto hatoki darasani akijua aulize nini, amwulize nani, na jibu alitafute katika maandishi gani.

Katika makala haya tutaeleza njia nyingine ya kuifundisha mada hii kwa Darasa la Sita, kwa vipindi vitatu. Tumeichagua Bandari ya Tanga iwe mfano wetu. Tuseme mwanachuo amepangiwa shule ya msingi huko Maramba, chini ya milima ya Usambara ya Mashariki, katika Wilaya ya Mkinga. Wengi wa wanafunzi wake huenda hawajaiona meli kwa macho yao. Je, bandari inawahusu nini? Inawahusu sana. Mbolea na mafuta ya gari huingia nchini kwa meli. Iliki, karafuu na mkonge wa mkoa huu vimekuwa vikisafirishwa kwa meli tangu enzi za babu zao. Gharama ya mzigo bandarini huishia katika bei ya dukani, hata duka hilo likiwa mlimani. Isitoshe, bandari ni mali ya umma, na mtoto wa Maramba ni mmoja katika huo umma sawasawa na mtoto wa Chumbageni.

Mambo ambayo mwalimu hana budi kuyajua kwanza

Hakuna somo linaloharibika upesi kama lile ambalo mwalimu ameliingia mikono mitupu. Kabla ya kuandaa zana yoyote, mwanachuo ajipatie maarifa yafuatayo.

(a) Historia ya madaraka. Reli ya Usambara ilianza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, wakati wa utawala wa Wajerumani, ikafika Moshi mwaka 1911. Mwaka ule ule wa 1893 Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida; miche 62 tu ndiyo iliyosalimika, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na reli na mkonge, bandari ya Tanga ikakua. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za mkonge, na Tanga ilikuwa mlango mkuu wa zao hilo.

Swali la mwalimu hapa ni moja: katika miaka hiyo, bandari ilitoa hesabu kwa nani? Chini ya Wajerumani hesabu ilikwenda Berlin, na chini ya Waingereza ilikwenda London. Mwaka 1948 reli na bandari za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa chini ya shirika moja la Afrika Mashariki, lakini mkazi wa Tanga hakuwa na mwakilishi aliyemchagua ambaye angeuliza kwa niaba yake. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam walipogoma mwezi Septemba 1947 kudai ujira, mgomo ulikuwa takribani njia pekee waliyokuwa nayo ya kuuliza.

Baada ya uhuru mambo yalibadilika kwa hatua. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1967 ulifuatiwa na kutenganishwa kwa reli na bandari mwaka 1969. Shirika la Bandari la Afrika Mashariki likawa na makao yake makuu Dar es Salaam, likiendesha Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Mtwara. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania iliunda mamlaka yake ya bandari mwaka huo huo, na Kenya ikaunda yake mwaka 1978. Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania iliyopo leo iliundwa kwa Sheria ya Bandari Namba 17 ya mwaka 2004, ikaanza kazi tarehe 15 Aprili 2005.

(b) Mlolongo wa madaraka ulivyo leo. Bandari ya Tanga ina meneja wake. Meneja huyo yuko chini ya Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka. Mkurugenzi Mkuu husimamiwa na Bodi ya Wakurugenzi. Bodi iko chini ya Waziri mwenye dhamana ya uchukuzi. Waziri hujibu maswali Bungeni, na Wabunge huchaguliwa na wananchi. Mwalimu aone jambo hili waziwazi: Halmashauri ya Jiji la Tanga na Halmashauri ya Wilaya ya Mkinga haziimo katika mlolongo huu. Diwani anaweza kusema juu ya bandari, na ni vizuri aseme, lakini hawezi kumwagiza meneja wa bandari. Ndiyo sababu mwananchi anayempigia kelele mwenyekiti wa kitongoji kuhusu tozo za bandari anapoteza pumzi yake, ingawa haki ya kuuliza anayo.

(c) Njia ya hesabu. Kando ya mlolongo wa amri kuna njia ya pili, nayo ni ya ukaguzi. Katiba, ibara ya 143, imemweka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Yeye hukagua hesabu za serikali na za mashirika ya umma, Mamlaka ya Bandari ikiwamo. Mwaka wa fedha huisha tarehe 30 Juni. Taarifa ya ukaguzi hukabidhiwa kwa Rais ifikapo tarehe 31 Machi ya mwaka unaofuata, kisha huwasilishwa Bungeni. Katika Bunge iko Kamati ya Hesabu za Serikali, ambayo huwaita watendaji na kuwahoji juu ya yale yaliyoandikwa.

Mwanachuo ajue pia maana ya zile "hati" zinazotajwa redioni. Hati inayoridhisha, ambayo watu huiita hati safi, maana yake ni kwamba hesabu zimeandikwa kwa kufuata kanuni na zinaonyesha hali halisi ya fedha. Haithibitishi kwamba kila shilingi ilitumika kwa busara. Shirika linaweza kununua kitu kisichohitajika, likaandika manunuzi hayo kwa usahihi, na likapata hati safi. Tofauti hii ni ndogo kuisema, ila ni kubwa kuielewa.

(d) Vyombo vinavyochanganywa. Kodi ya forodha hutozwa na Mamlaka ya Mapato. Tozo za huduma ya bandari, kama vile kupakua na kuhifadhi mzigo, ni jambo la Mamlaka ya Bandari. Udhibiti wa huduma za bandari na meli ulikuwa kwa SUMATRA, na tangu mwaka 2018 uko chini ya Shirika la Wakala wa Meli, TASAC. Uchunguzi wa rushwa ni kazi ya TAKUKURU. Bandari za Unguja na Pemba zina shirika lake la Zanzibar. Mtoto anayejua kwamba dhau litokalo Pemba limetoka katika bandari ya mamlaka moja na kutia nanga katika bandari ya mamlaka nyingine amekwisha kujifunza jambo la maana juu ya serikali.

Maswali matano

Maarifa hayo yote ni mengi mno kumtwika mtoto wa miaka 12. Kwa hiyo tunapendekeza yapitishwe katika maswali matano, ambayo yaandikwe kwenye karatasi kubwa na kubandikwa ukutani kwa muda wote wa mada:

1. Nani amempa madaraka?
2. Amepewa kazi gani na mali gani?
3. Anatoa hesabu kwa nani?
4. Hesabu hiyo imeandikwa wapi, nasi tutaionaje?
5. Ikionekana kasoro, nani ana uwezo wa kuchukua hatua?

Ubora wa maswali haya ni kwamba yanafaa kwa mtunza stoo wa shule, mtoza ushuru wa sokoni, mwenyekiti wa kijiji, na Mkurugenzi Mkuu wa bandari. Mtoto akiyazoea kwa kiranja wa darasa, hatashindwa kuyatumia kwa Waziri atakapokuwa mtu mzima.

Kipindi cha kwanza: Ghala la darasa

Madhumuni: Mwisho wa kipindi mwanafunzi aweze kueleza, kwa mfano alioushuhudia, kwa nini mali inayopokelewa na kutolewa huhitaji maandishi.

Zana: Madaftari 60 au vitu vingine vya kuhesabika (hata mbegu za maembe zinatosha), daftari moja la kuandikia mapokezi, vipande vya karatasi vya stakabadhi.

Mwalimu achague wanafunzi wa kuendesha ghala. Mmoja ni mtunza ghala. Wawili ni wapokeaji mizigo. Wanne ni wateja. Mmoja ni mkaguzi, naye akae nje ya darasa mchezo unapoendelea. Waliobaki ni wenye mali, yaani wananchi, nao wapewe kazi ya kutazama bila kusema. Madaftari 60 yaingie ghalani na kuandikwa. Wateja waje mmoja mmoja, wachukue na kutia sahihi. Katikati ya mchezo, mwalimu mwenyewe aje kwa haraka, aseme ana kazi ya ofisini, achukue madaftari mawili na kwenda zake bila kutia sahihi.

Mkaguzi aitwe ndani. Ahesabu yaliyobaki na kusoma daftari. Tuseme yaliyotolewa kwa maandishi ni 48 na yaliyobaki ni 10. Jumla ni 58. Mawili hayaonekani.

Hapo mwalimu awe tayari. Katika madarasa mengi watoto wengine watapaza sauti kwamba mtunza ghala ni mwizi, na wengine, waliomwona mwalimu, watanyamaza kwa adabu au kwa hofu. Mambo haya mawili ndiyo moyo wa somo zima, na mwalimu asiyapite haraka. Kwanza awaulize: je, mkaguzi ana ushahidi wa wizi? Hana. Ana ushahidi wa pengo. Pengo laweza kuwa wizi, laweza kuwa uzembe, laweza kuwa mkubwa aliyepita mbele bila kufuata utaratibu. Mkaguzi mzuri huandika "mawili hayana maandishi" na kumtaka mtunza ghala maelezo. Kisha awaulize walionyamaza: kwa nini hamkusema? Asiwakemee. Awaache waeleze kwamba aliyechukua ni mwalimu. Halafu aseme mbele ya darasa lote kwamba mtunza ghala alikuwa na haki ya kumwambia, "Mwalimu, tafadhali tia sahihi," na kwamba kusema hivyo si utovu wa adabu. Atie sahihi hapo hapo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii iandikwe ubaoni mwishoni mwa kipindi, baada ya watoto kuiona kwa macho yao. Ikiandikwa mwanzoni itakuwa mapambo tu.

Kipindi cha pili: Kutoka ghalani hadi bandarini

Madhumuni: Mwanafunzi aweze kuchora mlolongo wa madaraka ya bandari na kuonyesha mwananchi yuko wapi katika mlolongo huo.

Zana: Ramani ya pwani kutoka Horohoro hadi Pangani, kamba, kadi kumi zenye majina ya vyeo na vyombo.

Mwalimu aanze na kitu kilichopo kijijini: mfuko wa mbolea, au bati la paa la shule. Wanafunzi wafuatilie safari yake kurudi nyuma: dukani, lori, ghala la Tanga, gati, meli. Katika kila kituo waulize maswali mawili tu: nani anaupokea mzigo, na nani anaandika?

Kisha kadi zigawanywe. Kila mwenye kadi asimame mbele na kushika kamba: meneja wa bandari, Mkurugenzi Mkuu, Bodi, Waziri, Bunge. Mwisho wa kamba ushikwe na darasa zima, kwa sababu wao ndio wananchi. Kamba ya pili, ya rangi nyingine, ishikwe na Mkaguzi Mkuu, Rais, Bunge na Kamati ya Hesabu. Wanafunzi wataona wenyewe kwamba kamba zote mbili zinakutana Bungeni, na kwamba Mbunge amechaguliwa na watu wa jimbo lao. Kadi ya diwani na ya mwenyekiti wa kijiji ziwekwe pembeni, na darasa lijadili kwa nini hazina kamba ya kushika, na wenye kadi hizo wanaweza kusaidia kwa namna gani.

Kipindi hiki kinafaa pia kuzungumzia bandari bubu. Katika pwani ya Mkinga na ya mkoa mzima wa Tanga ziko sehemu ambazo vyombo hutia nanga na kupakua mizigo pasipo kituo rasmi. Jina lenyewe linafundisha. Bandari bubu haina daftari. Kwa hiyo haiwezi kusema kilichoingia wala kilichotoka. Mfanyabiashara mdogo huipenda kwa sababu ni karibu na haina gharama nyingi, na mwalimu asiifiche sababu hiyo. Lakini chombo kikizama hakuna orodha ya abiria, na mzigo ukipotea hakuna wa kumdai. Wanafunzi wapime faida na hasara, kisha waseme serikali ifanye nini ili watu wapende kupitia penye daftari.

Kipindi cha tatu: Gati la Tanga na hesabu zake

Madhumuni: Mwanafunzi aweze kutunga maswali matatu ya uwajibikaji juu ya mradi halisi, na kuonyesha kila swali lipelekwe wapi.

Bandari ya Tanga kwa miaka mingi ilikuwa na shida ya kina. Meli kubwa hazikuweza kufika gatini. Zilitia nanga mbali, na mizigo ikaletwa kwa matishari, jambo lililochukua muda na kuongeza gharama. Kuanzia mwaka 2019 serikali ilitekeleza mradi wa kuiboresha bandari hiyo kwa awamu mbili, kwa kumtumia mkandarasi kutoka China. Awamu ya kwanza iligharimu shilingi bilioni 172.3; mlango wa kuingilia meli ulichimbwa kutoka kina cha mita 3 hadi mita 13, na mitambo ikanunuliwa. Awamu ya pili iligharimu shilingi bilioni 256.8, nayo ilihusu magati mawili yenye jumla ya urefu wa mita 450. Mamlaka ya Bandari ilitangaza kwamba uwezo wa bandari utapanda kutoka tani 750,000 hadi tani milioni 3 kwa mwaka.

Tarakimu hizi ziandikwe ubaoni, na darasa lianze na hesabu za kawaida. Jumla ya gharama ni shilingi bilioni 429.1. Kina kimeongezeka kwa mita 10. Uwezo uliotangazwa ni mara nne ya ule wa zamani. Hapa somo la Hisabati linasaidiana na somo la Maadili, na mwanafunzi anaona kwamba hesabu ni silaha ya raia.

Baada ya hapo wanafunzi wagawanywe katika vikundi vitatu. Kikundi cha kwanza kitunge maswali ya kazi: je, kilichoahidiwa kimefanyika? Kina ni mita 13 kweli? Kikundi cha pili kitunge maswali ya fedha: je, malipo yanalingana na kazi? Mkandarasi alipatikana kwa utaratibu gani? Kikundi cha tatu kitunge maswali ya faida: je, mizigo imeongezeka? Gharama ya kusafirisha imepungua kwa mkulima? Vibarua waliokuwa wakifanya kazi katika matishari wamepata kazi gani sasa?

Mwalimu atagundua kwamba kila aina ya swali ina anwani yake. Maswali ya kazi yanaweza kujibiwa na uongozi wa bandari yenyewe. Maswali ya fedha hutafutwa katika taarifa ya Mkaguzi Mkuu. Maswali ya faida ni ya sera. Hayo humfaa Mbunge ayapeleke kwa Waziri. Lile la vibarua wa matishari halimo katika hesabu za saruji na mchanga, ila ni swali la haki kabisa, na mwanafunzi aliyeliuliza apongezwe.

Mwalimu aeleze pia kwamba Bunge lilitunga Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa mwaka 2016. Kwa sheria hiyo raia anaweza kuomba taarifa kwa maandishi katika ofisi ya umma, nayo hupewa siku zisizozidi 30 kumjibu. Kama zoezi, darasa liandike barua moja ya mfano, yenye anwani, tarehe, swali lililo wazi na maneno ya heshima. Barua ya namna hiyo ni zoezi zuri la Kiswahili vilevile.

Mifano migumu

Wanafunzi wakubwa husikia habari redioni na kwenye simu za wazazi wao, na bila shaka watauliza juu ya makosa yaliyopata kutokea. Mwalimu asikwepe. Tunashauri atumie mifano iliyokwisha kuwa ya hadhara, yenye tarehe, na aipime kwa yale maswali matano.

Mfano wa kwanza ni wa Dar es Salaam. Mwishoni mwa mwaka 2015 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alifanya ziara za ghafla bandarini, ikabainika kwamba makasha zaidi ya 2,000 yalikuwa yametoka bila kulipiwa tozo za bandari. Mwezi Desemba mwaka huo Rais John Magufuli aliivunja Bodi ya Mamlaka na kumwondoa Mkurugenzi Mkuu. Darasa likumbushwe madaftari mawili yasiyo na sahihi. Pengo ni lile lile. Kilichozidi ni ukubwa wake. Kisha mwalimu aulize: ni ipi njia bora, kiongozi kuja ghafla na kuligundua pengo, ama daftari kulionyesha lenyewe kila siku? Ziara ya ghafla hutegemea mtu. Daftari huendelea kufanya kazi hata mtu huyo asipokuwapo.

Mfano wa pili ni wa tarehe 28 Machi 2021. Siku hiyo Rais Samia Suluhu Hassan alipokea taarifa ya Mkaguzi Mkuu na ya TAKUKURU, na kutokana na yaliyosemwa humo juu ya shilingi bilioni 3.6 za Mamlaka ya Bandari, aliagiza Mkurugenzi Mkuu asimamishwe kupisha uchunguzi. Hapa wanafunzi wajifunze maneno matatu yanayochanganywa kila siku: tuhuma, uchunguzi na hatia. Kusimamishwa kupisha uchunguzi hakumfanyi mtu kuwa na hatia. Anayetia mtu hatiani ni mahakama. Mwalimu anayewaacha watoto waimbe jina la mtu kama mwizi kabla ya hukumu amewafundisha kinyume cha uwajibikaji.

Mfano wa tatu ni wa mkataba. Tarehe 25 Oktoba 2022 Tanzania na Dubai zilitia sahihi makubaliano juu ya uendelezaji wa bandari. Bunge liliyaridhia tarehe 10 Juni 2023. Nchi nzima ikajadili, wengine wakiunga mkono na wengine wakipinga. Baadhi ya raia walifungua kesi Mahakama Kuu mjini Mbeya, na tarehe 10 Agosti 2023 mahakama ikayakataa maombi yao. Tarehe 22 Oktoba 2023 mikataba ya uendeshaji wa sehemu ya bandari ya Dar es Salaam ilitiwa sahihi huko Chamwino, kwa muda wa miaka 30. Katika jambo linalogawa maoni ya watu namna hii, kazi ya mwalimu ni kuonyesha njia zilizotumika, yaani Bunge, mjadala na mahakama, na kumwacha mtoto apime mwenyewe kama kila njia ilipewa nafasi ya kutosha. Maoni ya mwalimu ayapeleke katika sanduku la kura.

Tathmini

Mtihani wa kuuliza "Nini maana ya uwajibikaji?" hautatueleza lolote. Tunapendekeza upimaji wa aina tatu. Kwanza, mwanafunzi apewe kisa kifupi, kwa mfano gari la wagonjwa la kijiji lisilo na mafuta, ajibu maswali yote matano. Pili, apewe orodha ya malalamiko manane na orodha ya ofisi nane, aoanishe. Tatu, apewe ukurasa wa daftari la ghala lenye pengo, aandike sentensi tatu za mkaguzi bila kumshutumu mtu. Upimaji huu wa tatu ndio mgumu kuliko yote, na mwanafunzi anayeufaulu ameielewa mada.

Mwalimu mwenyewe

Limebaki jambo moja, nalo si la andalio la somo. Mtoto aliyefundishwa maswali matano hatasubiri kufika Tanga kuyatumia. Atayatumia shuleni. Atauliza mahindi ya shamba la shule yaliuzwa kwa kiasi gani. Atauliza mchango wa chakula cha mchana umeandikwa wapi. Wanachuo wengine wanaona hatari hapa, na katika baadhi ya shule mwalimu mgeni aweza kulaumiwa kwamba amewaharibu watoto adabu.

Ushauri wetu ni huu. Kabla ya kuanza mada, mwanachuo azungumze na mwalimu mkuu, amweleze madhumuni na kumwonyesha maswali. Mwalimu mkuu aliye na daftari safi atafurahi, na huenda akakubali kubandika mapato na matumizi ya shamba la shule kwenye ubao wa matangazo. Mwanachuo naye aanze na yake: kama amekusanya fedha za karatasi za mtihani, abandike darasani kiasi kilichoingia, kilichotumika na kilichobaki, pamoja na stakabadhi. Awafundishe watoto kuuliza kwa heshima, kwa wakati wake na kwa mtu anayehusika. Kuuliza si ujinga, na kuuliza vizuri ni elimu.

Bandari ya Tanga itaendelea kupokea meli, na huko Chongoleani ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443. Mali ya kuhesabiwa katika pwani hii itazidi kuwa kubwa. Watakaoihesabu, watakaoikagua na watakaouliza juu yake wamo katika madarasa yetu leo, wengine wakiwa wamekaa sakafuni huko Maramba. Mwalimu akiwapa maswali matano na ujasiri wa kusema "tafadhali tia sahihi," atakuwa ametimiza wajibu wake kwao na kwa taifa.